Zamu Yetu ya Ijumaa

Mafinga,
Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Hamjambo huko Lukozi? Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Huku Mafinga nako ni baridi, na misonobari imejaa kila upande, hata asubuhi nyingine nikitoka nje nasahau kidogo kuwa siko nyumbani, nadhani nikikuita utaitika. Mwili ni mzima. Kazi ya kupika kwenye kibanda cha Mama Tuma inaendelea. Wapasua mbao wanakula sana na wanatania zaidi ya wanavyokula.

Najua unajiuliza kwa nini naandika wakati simu ninayo. Barua hii nampa dereva wa lori la mbao anayepita Mombo, ataiacha kwa watu wa gari la Lukozi. Ameniahidi utaipata mapema wiki hii. Rehema, mdogo wangu, msomee Mama polepole, na mkifika mahali pa kulia, lieni kwanza ndipo muendelee.

Mama, simu naiogopa. Kaka Hamisi aliponipigia kuniambia Baba hatunaye tena, nilikuwa nakanda unga. Tangu nirudi huku baada ya arobaini, simu ikiita, hata ya mteja wa chapati, moyo unakwenda mbio, vidole vinakufa ganzi, nataka kukimbia. Nikauzima mlio. Kisha simu yenyewe nikaificha ndani ya debe la unga. Hata hivyo sikutulia. Naosha sufuria iliyo safi, nafagia nilipokwisha kufagia, nakaa, nainuka. Mama Tuma akaniambia, "Hadija, mwanangu, wewe utatoboa sakafu yangu." Nilidhani ni ugonjwa wa moyo, nikaenda zahanati.

Muuguzi alinipima, akasema moyo ni mzima. Kisha akaniuliza kama nimefiwa. Nilimweleza habari za Baba zote, mpaka kofia yake aliyokuwa akiitundika kwenye mpini wa jembe akipumzika. Hakuniambia nijikaze. Alinifundisha mambo ya kufanya. Hofu ikija, nikanyage chini kwa nyayo zote mbili, nitoe pumzi polepole kuliko ninavyoivuta, nitaje kwa sauti vitu ninavyoviona: mwiko, beseni, paka wa Mama Tuma. Alisema hofu hupanda kwa kasi, lakini mtu asipoikimbia hushuka yenyewe. Nikiikimbia kila mara, ndiyo nailea. Basi nianze na kidogo ninachokiweza, nikae nacho mpaka nitulie, nirudie tena na tena, ndipo nisogee.

Nilianza kwa kuitoa simu kwenye debe na kuiweka mezani tu. Siku kadhaa hivyo hivyo. Kisha Mama Tuma akawa ananipigia makusudi kutoka upande wa pili wa jiko.

"Haloo," nasema, nyayo zote mbili chini.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Ni mimi, Hadija."

"Hadija yupi? Yule anayeunguza chapati? Geuka uangalie kikaango chako!"

Wapasua mbao walicheka hadi mmoja akapaliwa na maharage. Nami nilicheka, Mama, mara ya kwanza tangu msiba, halafu nikalia hapo hapo, na chapati ikaungua kweli.

Sijapona bado. Juzi iliita namba nisiyoijua, nikajikuta niko barabarani na mwiko mkononi. Lakini nilirudi.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Rehema amenitumia ujumbe. Anasema tangu umalize eda hujashuka bwawani, pale ulipompelekea Baba chai ukamkuta ameegemea ukingo, viatu vyake pembeni, ameshatutoka. Anasema unazunguka njia ya juu hata ukienda dukani. Kaka Hamisi amelificha jembe la Baba darini ili usilione. Naye, aliyembeba Baba kutoka pale, anasema bodaboda haimpi nafasi ya kwenda kufungua maji ya shamba. Mimi namjua Kaka. Wakati wa eda jirani alitufungulia, lakini sasa zamu yetu ya maji ya kila Ijumaa inapita bila mtu, na mzee wa zamu amesema ikipita Ijumaa hii atawapa wengine. Nawe umejibu, "Wapewe. Maji yale yamenilia mume." Unataka kukodisha shamba ushuke Magoma kwa Mama Mdogo.

Mama, sikuamrishi, mimi ni mtoto wako. Ukishuka Magoma kwa sababu umechoka na baridi, nitafurahi. Lakini ukishuka ili kulikimbia bwawa, naogopa utalibeba mpaka huko. Na bila maji yale karoti hazitaota kiangazi, na siku ukitaka kurudi hutakuta shamba, utakuta vumbi.

Sisi sote tulikuhurumia, tukakwambia usipite kule. Nadhani huruma ile ndiyo iliyolikuza lile bwawa.

Mwambie Kaka alishushe jembe, aliegemeze kwenye ukuta wa jikoni, basi. Kesho yake shuka na Rehema mpaka penye mti wa matunda damu, pale ambapo bwawa bado halionekani. Simama. Nyayo chini, pumzi itoke polepole, taja unachokiona. Usigeuke moyo ukiwa bado unakimbia. Ngoja utulie kwanza, hata kama Rehema atanung'unika kwamba ugali unapoa. Siku inayofuata, mpaka kwenye jiwe la kufulia. Ikishindikana, ikawa mpaka mlangoni tu, basi ni mlangoni.

Nakumbuka Baba akichomoa kizibo cha bwawa, maji yakianza kuingia mferejini, alikuwa akiyaamkia kwa Kisambaa, "Onga makeo," kama watu wazima waliokutana njiani asubuhi. Ulikuwa ukimcheka: "Baba Hamisi, hayo yatakuitikia lini?" Naye anakujibu bila kugeuka, "Yameitikia, mke wangu. Wewe husikii."

Nisalimie Bibi, mama yake Baba, umwambie shuka aliyonipa najifunika. Kaka Hamisi mwambie simlaumu, tumeogopa pamoja. Mama Mdogo wa Magoma mpe salamu, asubiri kidogo. Mzee wa zamu mpe shikamoo yangu, umwombe asitoe neno kabla ya Ijumaa kupita.

Ijumaa hiyo asubuhi, wakati wa zamu yetu, nitaifungulia simu mlio wote na kuishika mkononi. Nipigie wewe mwenyewe, popote utakapokuwa umefika: mlangoni, penye mti, bwawani. Iache iite. Nitakanyaga chini, nitapokea. Si lazima tuseme kitu. Isogeze tu nisikie kilichopo hapo, na kama ni maji, nitayaamkia.

Mwanao akupendaye,
Hadija