Kwa Faustini, Aliyelala Kwenye Machela Akiwa Mzima

Faustini rafiki yangu,

Kahawa uliyoipanda kando ya njia imechanua, na mkeo hajambo. Naanza na hayo kwa sababu ndiyo ungeyauliza kwanza.

Vijana wa machela bado tupo. Ujana umekwisha, lakini hapa Ihembe wanatuita hivyo hivyo. Mgonjwa akizidiwa tunaacha majembe, tunambeba hadi hospitali, na hatumdai mtu kitu. Tangu ulipotuacha, kiongozi ni mimi. Jina hilo linanielemea, ndugu yangu.

Nakumbuka mzee Salumu mwenye duka alivyotujia juu gulioni. Tulikuwa tumembeba mkewe mjamzito siku ya mvua kubwa. Akasema mbele za watu, "Mnabeba watu kama mikungu ya ndizi." Nilikuwa tayari kumwambia abebe mwenyewe. Wewe ukasema, "Shikamoo mzee. Mama anaendeleaje? Aliumia wapi?" Akasema ni mgongoni, na kwamba kila mteremko kichwa kilikuwa chini.

Basi ukalala kwenye machela, wewe mzima, ukataka tukuteremshe hadi mtoni. Watu walicheka wakashika mbavu. Uliposhuka hukucheka. "Mzee amesema kweli," ulisema. "Kamba zinakata." Tukasuka upya, tukatandika mkeka, na tangu hapo mteremkoni miguu inatangulia. Mzee Salumu mwenyewe akatuletea turubai la mvua.

Sasa nikuambie la mwaka huu. Baba yake Adera, yule binti wa bondeni, alikata roho njiani tukiwa tumembeba. Baada ya matanga Adera alikuja kwangu. Nilimpa kiti, hakukaa. "Mlichelewa," akasema. "Mngewahi, baba angekuwepo."

Wenzetu waliposikia baadaye walitaka kuvunja kikundi. Tunajitolea, halafu tunaambiwa tumeua? Nami niliumia, Faustini. Maneno yalinijaa mdomoni. Siku ile nilitamani uwepo kuliko hata siku tuliyokuzika.

Lakini Adera alikuwa bado amesimama mbele yangu. Nikamwambia, "Pole, mwanangu. Nieleze ilivyokuwa, tangu mwanzo."

Akalia. Kisha akakaa, akaeleza. Alipanda kilima mbio, akakuta nyumba tupu, sisi sote tuko mashambani, machela imefungiwa ndani kwangu. Akazunguka shamba hadi shamba akitutafuta mmoja mmoja. Kama tungewahi baba yake angepona, hilo Mungu ndiye ajuaye. Ila kutupata kulikuwa kugumu, na miaka yote hiyo hatukuliona, kwa kuwa sisi ndio tuliokuwa tukitafutwa.

Tukakata miti, tukasuka machela ya pili. Inakaa kwa Adera, chini ya upenu, haifungiwi. Yeye ndiye anayepiga ngoma ya kutuita, na inasikika mpaka migombani kwa mbali. Juzi aliipiga kwa ajili ya mtoto wa jirani yake aliyekuwa amezimia kwa homa. Leo mtoto huyo nimemwona anakimbiza kuku.

Pumzika, rafiki yangu. Upole wako sikuzaliwa nao, na hasira bado zinanipanda. Lakini nakuahidi: atakayekuja kutulaumu, nitamsikiliza mpaka amalize, hata kama bega langu bado linauma kwa kumbeba mtu wake.

Ndugu yako,
Andrea