Kwa Mama Gumato, Aliyekataa Kubebwa

Mama,

Arobaini yako imepita juzi. Walikuja watu wachache, wakasoma dua, wakanywa chai, wakaondoka mapema kwa sababu ya kafyu. Tangu hapo hadi leo asubuhi sikuongea na mtu isipokuwa mwenye duka, nilipoenda kununua chumvi. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Najua hukujua kusoma. Hata barua mbili tulizowahi kupata kwa mwanao Jarso nilikusomea mimi, nawe ulinikazia macho kuona kama naongeza maneno yangu. Sasa hakuna wa kunishuku. Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Mbuzi wako mzima. Mvua imeacha. Asubuhi bado naamka nikingoja uniulize, "Fayya?" nami nijibu, "Fayya," mzima. Hilo ndilo neno pekee la Kiborana nililoweza kulitamka usinicheke. Sasa naamka kimya. Nimegundua mtu anaweza kupika, akafagia, akafua, jua likatua, na mdomo wake haujafunguka hata mara moja.

Kuna jambo limenikaa kooni. Siku tuliyokuzika, wanawake walipokuwa wamekaa uani, Khadija wa nyumba ya pili alisema, tena si kwa kunong'ona, "Huyu mtoto wa Meru amemmaliza bibi wa watu kwa kazi." Hakuna aliyemjibu. Hata mimi sikumjibu. Nimekuwa nikimjibu humu ndani peke yangu tangu siku ile, nikichota maji namjibu, nikiosha sufuria namjibu. Nimechoka. Afadhali nikujibu wewe, maana wewe ndiwe uliyekuwepo.

Unakumbuka hukunitaka. Sikulaumu. Kwa baba yangu pia mlango ulifungwa siku niliposilimu nikaitwa Mariamu. Ndugu yangu alikuwa akija Isiolo na magunia yake ya miraa, tukikutana sokoni anageuza uso. Na wewe ulimwambia Jarso mbele yangu, "Umeniletea mtu ya kula viazi." Jarso alicheka, akadhani tutazoeana yeye akiwepo katikati.

Hakukaa katikati siku nyingi. Vita vilipoanza, ng'ombe wenu wengine walikufa, wengine wakapotea, nawe ukaja kwetu Bulla Pesa, hapa Isiolo, na kibuyu chako cha maziwa, kitupu. Jarso akasema anaenda upande wa Garba Tulla kutafuta waliobaki, baada ya siku kumi atakuwa amerudi. Akatuma barua mbili, kisha barabara ikafungwa, ikawa hakuna kutoka bila pasi, na hakuna tena aliyekuja na habari zake. Tukabaki wawili, chumba kimoja, tukiongea Kiswahili ambacho hakuna kati yetu aliyezaliwa nacho. Uliniita "we mtoto". Jina langu hukuwahi kulitaja.

Ukaanza kukaa. Asubuhi unakaa mlangoni ukitazama barabara, mchana uko pale pale, jioni nakushika mkono kukuingiza. Mimi nikasema moyoni, Jarso akirudi asikute mama yake amepungukiwa na kitu. Nikachota maji yote. Nikakuletea ya kunawa hapo hapo ulipo. Nikakuvisha viatu. Ukinyoosha mkono kutaka kikombe, nimeshakifikisha. Majirani wakanisifu. Khadija mwenyewe alisema, "Ametoka Meru lakini ana heshima kuliko binti zetu." Nilizipenda sifa hizo, Mama. Nakiri. Sikuwa na mtu mwingine wa kuniambia neno jema, nikazila kama chakula.

Wala sikuona unavyopungua. Wewe uliyefuata ng'ombe toka utotoni, uliyevuta maji katika visima virefu, miguu ikawa kama fito. Ukaanza kuswali umekaa kwenye kigoda. Chakula ukakiacha, ukabaki na chai ya rangi na sukari. Ukaanguka njiani kwenda choo, nikadhani ni uzee tu.

Halafu ikaja ile siku askari walipopita mtaani wakisema kila mtu aende uwanjani kuhesabiwa. Ulitembea mpaka kwenye duka la kona, ukasimama, ukatetemeka. Nikakubeba mgongoni. Ulikuwa mwepesi hata nikaogopa. Pale uwanjani tulisimama kwenye mstari juani, na ulipojaribu kusimama mwenyewe ukaenda chini mbele ya wazee unaolingana nao umri, kanga ikafunua magoti. Hukulia mpaka tuliporudi nyumbani. Ukageukia ukuta, ukasema, "Mimi si mtu ya kubebwa. Mimi nilibeba nyumba." Nilijua unasema nini. Jarso aliwahi kunieleza jinsi mlivyokuwa mkihama, wanawake wanabomoa nyumba, wanaifunga juu ya ngamia, wanaijenga tena jua likizama.

Kesho yake nilikukokota hadi zahanati. Yule dresa mzee, wa miwani iliyofungwa kwa uzi, alikupima kifua, akakutazama macho na ulimi. Kisha hakukuuliza wewe, akaniuliza mimi. Nani anachota maji? Mimi. Nani anafua nguo zake? Mimi. Nani anamvisha viatu? Mimi. "Sasa yeye anafanya nini?" Akaniambia kwa Kimeru, ili usisikie, kwamba huna ugonjwa wa dawa, kwamba nimekuhudumia mpaka miguu yako imekosa kazi. "Mrudishie kazi yake," akasema. "Kidogo kidogo, lakini kila siku. Na asiishi kwa chai. Mpe maziwa, mpe maharagwe."

Nililia njia nzima, nawe ukadhani ameniambia utakufa.

Nilianza vibaya. Nilikwambia uinuke, utembee mpaka msikitini na kurudi. Ukanitazama kama mtu aliyepandwa na jini. "Nitembee nikafanye nini? Mtu anatembea na shida yake. Mimi si wazimu." Nikaacha kukuletea kikombe, nikakiweka mezani, hatua tatu kutoka ulipo. Siku tatu hukunisemesha, na siku ya kwanza hukunywa chai kabisa. Niliumia kuliko ulivyojua. Lakini nilikuwa nimesikia neno lako. Mtu anatembea na shida yake. Nikawa natafuta shida ya kukupa.

Shida ikaja yenyewe. Ile familia ya jirani iliyohamia Nanyuki ikatuachia mbuzi mwenye maziwa. Nikakwambia amekataa kukamuliwa na mimi. Haukuwa uongo wote, ulimwona alivyonipiga teke. Ulikaa pale mlangoni ukitazama ninavyomshika, ukavumilia, ukavumilia, mwisho ukasema, "Wewe unakamua au unamkaba?" Ukainuka kwa kushika fremu ya mlango. Siku ile ulikamua nusu kikombe. Mbuzi alisimama kimya kama anayekujua.

Nikamfunga karibu na mlango. Ijumaa iliyofuata nikamfunga kwenye ukingo wa ua. Ijumaa nyingine kwenye ule mgunga mdogo karibu na choo, halafu ule mkubwa unaoangusha maganda upande wa mtoni. Nilikuwa nafanya mapema kabla hujatoka, nikijiona mjanja. Mpaka siku ile ulipokuwa unarudi na maziwa, ukasimama mbele yangu, ukahema kwanza. "We mtoto. Hiyo kamba inahama kila Ijumaa. Unafikiri mimi sioni?" Nikainamisha kichwa, nikangoja matusi. Ukasema, "Hamisha tena."

Nadhani tangu pale tulikuwa na siri moja, na siri ilitutosha kuwa jamaa.

Maharagwe yalikuwa vita vingine. "Chakula ya watu ya mlima," ulisema. Nikayaponda kwa maziwa ya mbuzi wako, ukala ukisema umekula maziwa, maharagwe yameingia kwa bahati mbaya. Swala nayo, sikukuambia kitu, hiyo ni yako na Mungu wako. Ila nilikuona adhuhuri moja umeacha kigoda, umesimama umeshika nguzo. Baadaye nguzo ukaigusa tu kwa vidole. Baadaye tena ukaniita jikoni kuniambia jambo moja, umeinuka kutoka kwenye sijda bila kushika kitu. Ulisema kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya sukari, lakini uliniita.

Halafu ukaanza kuchota maji. Kopo dogo, nusu. Sikukutuma, unajua sikukutuma. Khadija akakukuta mferejini akaja kunigombeza mlangoni kwangu, kwamba mume wangu akirudi atasikia nilivyomfanya mama yake punda. Wewe ulikuwa nyuma yake na kopo lako. Ukampita, ukaingia ndani, ukasema, "Maji ni yangu ya kuoga." Hakukusikia, au hakutaka.

Si kila siku ilikuwa nzuri. Lori lilipokuja na watu kutoka upande wa Garba Tulla na Jarso hakuwemo, ulirudi mlangoni ukakaa. Mimi nami nikakaa kando yako. Siku mbili, Mama, hatukupika. Siku ya pili mbuzi alilia kwa sababu ya chuchu zilizojaa, akalia tena, nasi tukamsikiliza kama anayelia mbali. Wewe ndiwe uliyeinuka. Ukasema, "Huyu hana hatia," ukaenda.

Walipotuita uwanjani mara ya pili mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa. Malaria ilikuwa imenishika, nikaona majua mawili. Ulinifunga kanga kiunoni, ukanishika kwapa, tukaenda hatua kwa hatua, nawe ukinitukana ili nisilale. Kwenye mstari askari mmoja kijana akakuonea huruma, akasema, "Bibi, kaa chini." Ukamjibu, "Mgonjwa ni huyu. Mimi nasimama." Nilikaa kwenye kivuli chako karibu mchana mzima. Wakati wa kurudi ulinitangulia, ukisimama kila kona kunisubiri.

Kisha mvua kubwa, na kifua chako. Siku nne tu. Siku ya kwanza ulikamua. Ya pili ulitoka nje ukarudi umelowa, nikakugombeza, ukacheka. Ya tatu dresa alikuja mwenyewe, akaacha vidonge, akatikisa kichwa pale mlangoni. Asubuhi ya nne ulikwenda choo kwa miguu yako, mkono wako begani kwangu lakini bila uzito. Uliporudi ukalala, ukanishika kidole, ukasema, "Intala tiyya." Binti yangu. Halafu hukusema tena.

Je, nilikuua kwa kazi? Nimejiuliza mpaka swali limekwisha makali. Sijui kama mvua ile isingekukuta nje lau ungekuwa bado unakaa kigodani. Mungu anajua. Kama kuna kosa, nisamehe. Lakini kosa ninalolijua kwa hakika ni lile la kwanza, wakati mtaa mzima ulikuwa unanisifu.

Jana ndugu yangu alileta salamu kupitia mwenye duka, kwamba nirudi nyumbani, baba amelegea moyo. Nilifurahi, halafu nikakaa chini, na sikuinuka hadi alasiri. Nikajiona. Nina miaka thelathini, na nimeanza kukaa.

Na leo Khadija amekuja. Alisimama nje, akasema, "Salaam aleikum," kama mtu anayelipa faini. Baba yake, tangu ngamia wake waishe, haondoki mkekani. Juzi walimwinua watu wawili. Akaniuliza huku anatazama pembeni, "Akko ulimfanyia nini?" Akko, bibi, ndivyo alivyokuita. Nilikuwa na majibu yote niliyoyaandaa tangu mazishi. Sikutoa hata moja. Nilimuuliza mzee alikuwa fundi wa nini zamani. Akasema alikuwa akichonga kengele za mbao za ngamia. Nikamwambia, asimwambie atembee. Amtafutie mti, aulaze mbali kidogo na mkeka, amwambie kuna mwanamke wa Meru anataka kengele ya mbuzi na hajui mti gani unafaa. Na awe mvumilivu akikasirika. Hakuniomba radhi. Alipofika kwenye ua aligeuka akauliza maharagwe yanapondwaje.

Kesho nitakwenda kumwona mzee.

Kwaheri, Mama. Siendi mlimani kwanza, ndugu yangu nitamjibu kwa upole. Nimeomba pasi, nimeambiwa ningoje. Barabara ya Garba Tulla ikifunguliwa nitakwenda, kwa lori likiwepo, kwa miguu lisipokuwepo, nikiuliza jina la mwanao kila kisima. Nikikuta kaburi, nitarudi kukuambia. Nikimkuta mwenyewe, atakuja mwenyewe.

Mariamu