Nimekwenda kwa Wifi Eliakunda

Baba Irine na wanangu,

Makande yako jikoni, pasheni tu. Wilbard, anua tangawizi kabla mvua haijanyesha. ~~Nitarudi saa saba.~~ Nitarudi jioni, tuna maneno mengi.

Msishtuke, nimekwenda kwa Wifi Eliakunda. Ndiyo, yuleyule aliyesema mbele ya wageni wote, kwenye kipaimara cha Irine, kwamba nimemtenga kaka yake na ndugu zake. Tangu siku hiyo natoka kanisani kwa mlango wa pembeni nisikutane naye.

Leo asubuhi nilishindwa kumaliza sala. Kila nikifumba macho namwona yeye. Nikamwambia Mungu nimechoka kununa, nikampigia simu. Akapokea kwa hofu: "Wifi, nani amefariki?"

"Hakuna. Nimekusamehe tu."

Akaangua kilio, nami nikacheka hadi nikamwaga chai. (Irine, futa meza.) "Nilikuwa naona aibu kukuomba radhi," akasema. "Njoo basi."

Nimevaa kitenge kipya, bodaboda inapiga honi. Baba Irine, kuanzia leo ongea na dada yako humu ndani. Usiende tena kunong'ona naye kwenye simu nyuma ya banda la mbuzi.

Mama Irine