Maiki ya Baba

Shoga, nimejifungia chooni na shela langu. Huko ukumbini wanacheza.

MC amempokonya baba maiki. Baba yangu! Mbele ya wakwe!

Si unakijua kigugumizi chake? Kasimama, "Mwa... mwa... mwanangu," ukumbi kimya, yule mwehu akadakia, "Asante mzee wetu, muda hauturuhusu!" Muziki juu.

Na ni mimi niliyemwambia MC kila hotuba iwe dakika mbili, asimwonee mtu haya. Nimehangaika mpaka na rangi ya vitambaa vya meza, baba nikamsahau.

Nimemfuata mezani kwake nikilia. Kanifuta machozi kwa tai yake.

"U-usilie. Ni-nilikuwa nakaribia kuimba. Ni-nikiimba huwa si-sikwami."

Shoga, kumbe alikuwa amenitungia wimbo.