Kwikwi Kwenye "Rudi Salama"

Jumatatu, 3 Machi

Mashine mpya ya kuchonga mbao, inayoongozwa na kompyuta, imenitia aibu mbele ya Baba. Ilianza vizuri, kisha ikashikwa na kwikwi – inakwenda, inashtuka, inasimama, inashtuka tena. Nimeiwekea mwendo wa milimita elfu tatu kwa dakika, kioo cha kompyuta kinasema mia nne! Kisu kikazungukia palepale mpaka mbao ikaungua. Karakana nzima moshi.

Na ni maneno mawili tu. Kila mlango unaotoka kwetu una "Rudi salama" upande wa ndani, kwa mwandiko wa Baba. Miaka thelathini anaandika kwa penseli, anachonga kwa patasi. Safari hii milango ni kumi na miwili, nikamwomba aandike mara moja kwenye karatasi, nipige picha, kompyuta imalizie. Alikubali upesi mpaka nikashangaa.

Mashine tumepewa kwa majaribio. Muuzaji anakuja Ijumaa. Baba kasema kama haijapona, huyu mgeni wangu wa chuma arudi kwao.

Jumanne, 4 Machi

Sielewi. Nimekaza skrubu zote. Grisi nimepaka. Mikanda nimeivuta, waya wa kompyuta nimebadilisha. Nikipunguza kasi, mbao inaungua zaidi. Nikiongeza – hakuna kinachobadilika, kana kwamba sijagusa kitu. Fundi wa muuzaji kwenye simu anasema nijaribu kisu kipya. Nimejaribu. Kwikwi ileile.

Baba kavuta stuli, kakaa mikono mfukoni, ananitazama. Eti patasi yake haijawahi kushtuka hata siku moja.

Jumatano, 5 Machi

Duara – safi. Mstari mrefu – safi. Jina langu kwa herufi za kompyuta, lina kona na mapindo – safi, elfu tatu kamili.

"Rudi salama" – kwikwi!

Ina ugomvi na Baba? Nimecheka peke yangu, halafu nikachoka. Faili nimemtumia fundi.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi kapiga. Mashine nzima kabisa, anasema. Tatizo ni maandishi: mistari imejaa vikona vidogo, maelfu, na kwenye kila kikona mashine lazima ipunguze mwendo. Akaniuliza kama mwandishi aliandika akiwa juu ya pikipiki. Nikacheka naye.

Nikadhani picha yangu ndiyo mbovu. Nikaibandika karatasi mezani, nikapiga upya kwenye mwanga wa mchana. Vilevile. Nikaikuza kwenye kioo. Mawimbi madogo, kila herufi, yamelingana. Hata herufi "l", ambayo ni mstari tu, ina mawimbi.

Nikaenda nyumbani kupiga picha ya mlango wa jikoni, aliouchonga mwaka niliozaliwa. Maneno yaleyale, mkono uleule. Mashine iliyapita moja kwa moja, haikusita popote.

Sielewi. Au naelewa na sitaki.

Jioni nikamuuliza Mama kama Baba ni mzima. Alikuwa anakunja nguo, hakuacha.

"Chai namtilia nusu kikombe tangu mwaka jana, isimmwagikie. Wewe hukuona?"

Sikuona. Mwaka jana ndipo aliponikabidhi patasi zake. Nilidhani ni kwa sababu nimeiva. Nilitembea kifua mbele wiki nzima, mjinga mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika karakanani, daftari liko juu ya mlango wa kwanza.

Kwenye kompyuta kuna kitufe cha kulainisha mistari. Nimekibonyeza, mashine imekwenda vizuri sana. Herufi nzuri. Lakini za mtu yeyote, si za Baba. Nimezifuta.

Naweza kutumia maandishi ya mlango wa jikoni. Lakini Baba mwandiko wake anaujua, wa zamani na wa sasa. Ataona nimekwepa karatasi yake, na atajua kwa nini.

Nikisema mashine ni mbovu, itapakiwa leo hii, na milango kumi na miwili itamsubiri yeye na penseli yake. Watu wote wataona mawimbi. Nikisema ni nzima, ataniuliza swali moja tu. Naogopa. Sijawahi kumwogopa Baba namna hii, hata nilipokuwa mdogo na nimevunja kitu.

Gari la muuzaji limesimama nje. Ameingia, Baba yuko mbele yake, mikono mfukoni.

Baba kaniuliza: "Haya, mwanangu. Ubovu umeuona uko wapi?"

Nimemwambia asubiri kidogo, naandika vipimo. Amekuja kusimama karibu yangu. Ametoa mkono mmoja mfukoni, ameuweka juu ya mlango, pembeni ya daftari hili, na hausemi uongo – mbao inagongwa, taratibu, tk tk tk, na yeye hautazami mkono. Ananitazama mimi.