"Hakuna" ya Wenje

Garsen, Jumanne, Novemba 1998

Hassan ameshikilia tuandike programu kwa lugha ya C, eti wote ofisini wanaijua na inakwenda kasi. Bosi ni bosi, nikanyamaza. Leo kunyamaza kwangu kumenitia aibu.

Tulikuwa tunaijaribu, hiyo programu ya kuonya watu kabla ya mafuriko. Mzee Komora, anayepima kina cha mto kule Wenje, alitusomea kwa redio daftari lake la mwaka jana, siku baada ya siku. Mita tano. Mita sita. Kisha akasema, "Hakuna."

Nikaingiza sifuri. Programu ikaipokea bila kuuliza, ikaandika: mto umekauka, kijiji cha Kau kule chini ya mto ni salama.

"Hakuna maji, mzee?"

"Hakuna kipimo, mwanangu. Nguzo ya kupimia ilizama yote. Ningesoma nini?"

Hassan akacheka. Mimi sikuweza.

Lugha ya Ada, niliyoitaka mimi, ingenibana. Ningetangaza mapema kwamba mto huu haushuki chini ya mita moja, na sifuri ingekataliwa papo hapo. Lakini wa kutangaza ni mimi, na kabla ya leo nisingekumbuka. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Kesho nitamwambia Hassan ni Ada, apende asipende. Nimenakili tarehe ya ile "hakuna" nimwonyeshe. Ndiyo siku mama yangu alipopanda juu ya paa kule Kau, akangoja mtumbwi hadi asubuhi.