Muhuri wa Dada

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimeingia kwa mchora tatuu. Mwenyewe! Rafiki yangu Kiroboto alibaki mlangoni akijifanya anasoma bei za kusuka, maana upande mmoja ni saluni na upande wa pili ndiyo tatuu. Shoga gani huyo. Mchoraji ni mwanamke, mikono yake imejaa maua hadi kwenye vidole. Nilidhani atanicheka. Hakunicheka. Aliniuliza umri, nikamwambia natimiza kumi na minane Jumamosi ya wiki ijayo. Basi nirudi Jumamosi hiyo, si kabla, na kitambulisho mkononi.

Nikamwonyesha mchoro wangu. Kitu kama harage, kimepinda kidogo, hakina urembo wowote. Akaigeuza karatasi juu chini.

"Ni hii tu, mdogo wangu?"

Ni hii tu.

"Haya. Na unaiweka wapi?"

Nikamwambia bado sijajua. Akasema yeye kazi yake kuchora, mahali achague mwenye mwili. Nikachore kwa maka peni, nikae nayo siku kadhaa, nioge nayo, nilale nayo. Nikiichoka, basi si mahali pake.

Jumanne, 4 Juni

Kiroboto ana majibu ya kila kitu. Mkononi, watu waone! Au kifundoni, au nyuma ya sikio. Nikamkumbusha mwalimu wa nidhamu, anayetukagua mpaka kucha. "Basi weka makalioni, huko hakagui." Tulicheka mpaka tukatolewa maktaba. Halafu njiani kurudi akaacha utani. Anajua kwamba sichagui pa kupendeza. Natafuta mahali palepale.

Harage ni la Dada. Alizaliwa nalo, rangi ya chai ya rangi, hapa mbele, chini ya mfupa wa bega. Alikuwa akinitambia nalo. "Mimi nilikaguliwa kabla ya kutoka, nikapigwa muhuri. Wewe walikupitisha tu." Nilikuwa nalia, nikamshitaki kwa Mama. Mama alikuwa akicheka zaidi yake.

Mwaka jana homa ilimchukua kabla hata hatujajua kama ni ya kuogopa.

Sasa jambo linaloninyima raha ni hili: bega gani? Kulia au kushoto? Nafumba macho namwona anacheka, namwona anachana nywele, nikifika begani pana ukungu. Haujatimia hata mwaka! Mdogo wake wa damu, kitanda kimoja miaka yote, na sikumbuki.

Alhamisi, 6 Juni

Picha niliyobaki nayo ni moja. Dada kavaa sare, kafunga vifungo mpaka shingoni. Mtoto mzuri wa shule. Haisaidii kitu.

Zilizobaki zote Mama alizitia kwenye sanduku, akalifunga, ufunguo anao yeye. Na kumuuliza siwezi. Jina la Dada halitajwi humu ndani. Siku moja mezani niliteleza, nikasema, "Hapa Dada angecheka." Mama akainuka, akaenda kwenye cherehani yake pale sebuleni, akashona mpaka giza. Nilipokwenda kumwita ale, nikaona sindano haina uzi.

Sitaki kuusikia tena mlio ule.

Ijumaa, 7 Juni

Nimemjaribu Baba. Mama alikuwa amepeleka nguo za mteja. Nikapunguza redio, nikamuuliza polepole: ile alama ya Dada, ilikuwa upande gani?

Baba aliweka kijiko chini. Akagusa bega lake la kulia. Kisha la kushoto. Mkono ukarudi kulia, ukakaa hapo hewani, haujui uende wapi. Akasema, "Mwache mama yako apoe kwanza, mwanangu." Akatoka nje bila viatu.

Bora nisingeuliza. Nimemwonyesha kitu ambacho alikuwa hajui kama amekipoteza.

Jumapili, 9 Juni

Nimekumbuka! Au nadhani.

Kioo kirefu cha Mama, kile cha wateja. Kila alipotupima nguo mpya alitusimamisha mbele yake wote wawili, Dada nyuma yangu kwa sababu ya urefu, na tulikuwa tukisukumana. Nimejisimamisha hapo leo wakati nyumba imelala mchana. Nikamngoja. Akaja! Kidevu chake juu ya kichwa changu, kamba ya simisi imeteleza, na harage likawa linatazama upande wa dirisha. Upande wa dirisha kabisa. Nikahesabu kama mtu aliyesimama akinitazama: hilo ni bega lake la kulia.

Nimechora kulia, kwa maka peni ya Kiroboto. Nimejitazama. Mara moja nikajiona kama nami nimekaguliwa. Nikalia, lakini si vibaya.

Jumatano, 12 Juni

Bado lipo. Limefifia, nimelikoleza. Kiroboto anasema linanipendeza, lakini huyo hata chunusi atasema inanipendeza. Natembea wima zaidi, sijui kwa nini. Darasani nagusa shati hapo juu yake. Mwalimu wa hisabati akaniuliza kama nina kiungulia.

Mama amenunua kitambaa cha gauni la mahafali. Buluu. Kakiweka mezani tu, hakusema atanipima lini. Tangu mwaka jana hajanipima kitu. Navaa za zamani, nyingine za Dada, amezipunguza kwa kukisia. Nikimkaribia akiwa na futi shingoni, anatafuta kazi nyingine.

Ijumaa, 14 Juni

Naandika haraka. Sijui nina muda gani.

Mteja wa leo hakuja. Mama akakaa, akakitazama kitambaa cha buluu, kisha akasema kama mtu anayejisukuma, "Haya, vua hilo shati nikupime. Kesho unakuwa mtu mzima, utavaa nini?" Nilisahau kila kitu! Nilifurahi tu kwamba ameniita. Nikasimama mbele ya kioo na simisi yangu, naye pini mdomoni, futi likapita mgongoni, likaja begani.

Likasimama.

Akalowesha kidole gumba, akasugua. Halikutoka. Nikaanza kubwabwaja: Mama, si tatuu, ni maka peni, bado sijachora, nilikuwa najaribu tu mahali. Hakunisikia. Alitoa pini mdomoni moja moja akazichoma kwenye kile kimto chake.

"Nani kakwambia ni huku?"

Nikasema nilimwona hivyo. Kwenye kioo.

Akainua macho, akatutazama mle ndani, mimi na yeye. "Kwenye kioo," akasema. Akanishika mabega, akanigeuza nimtazame yeye mwenyewe. Na akataja jina lake. Jina la Dada, lote! "Alikuwa nalo kushoto. Kwenye kioo umemhesabu kinyume, mwanangu."

Akachukua chaki ya kukatia nguo. "Simama wima." Akaweka alama kushoto, kwa mkono ule usiokosea hata mshono. Akarudi nyuma. Akaja tena, akafuta kwa kiganja, akaweka chini zaidi. Akafuta.

"Lilikuwa linagusa mfupa?" Ananiuliza mimi! "Au chini yake? Nilimpima tangu anatambaa. Nilimpima mimi!"

Akaniambia nisifute kitu, akaingia chumbani kwake.

Nimekaa kwenye stuli ya wateja, kulia wino, kushoto vumbi la chaki. Kesho ni Jumamosi. Hajasema ndiyo, hajasema hapana. Nasikia lile sanduku la picha linaburutwa kutoka chini ya kitanda. Nasikia ufunguo unagonga kufuli, unateleza, unagonga tena.

Ananiita. Anasema mkono wake haulengi, nije nifungue mimi —